Agosti Kwenye Mikoko ya Mida

Kipindi kimoja cha sayansi katika sekondari msingi ni dakika 40. Maji ya bahari, tangu kupwa hadi kujaa, yanataka saa 6 na dakika kadhaa. Mwalimu yeyote wa Pwani anayefundisha mazingira na viumbe hai hukwama hapo. Ukitaka mtoto amwone kaa akitoka shimoni, aone mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ikifunikwa polepole, kisha ajue ni nani aliyehama na nani aliyebaki, kipindi kimoja hakitoshi, na viwili vilivyounganishwa havitoshi vilevile. Isitoshe, bahari haina habari na ratiba iliyobandikwa ukutani. Wakati wa maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Jumanne hii saa 4 asubuhi pamekauka, unatembea mpaka kwenye mkondo. Jumanne ijayo saa hiyo hiyo maji yako ndani ya mikoko.

Ndiyo maana masomo yangu ya mikoko nayafanya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nakusanya watoto wa Gredi ya 7 na ya 8, wa miaka 12 hadi 14, tunakwenda Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kati ya Watamu na barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Agosti ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari ya nje imechafuka, wavuvi wengi wa vyombo vidogo hawatoki, lakini ndani ya Mida maji yametulia na jua si kali. Mtoto anaweza kukaa kwenye tope saa nyingi bila kuumwa kichwa.

Umri huo nauchagua makusudi. Mtoto wa Gredi ya 6 ana mtihani wa kitaifa mbele yake, na wa Gredi ya 9 anakabiliwa na mwingine, ule unaoamua atakwenda shule gani ya sekondari ya juu. Wa 7 na wa 8 wamekaa katikati, hakuna anayewakimbiza sana. Wana akili ya kutosha kugawanya kwa pai, na bado hawajaanza kuona haya kupiga magoti matopeni mbele ya wenzao. Hiyo miaka miwili ni mifupi mno. Anayerudi akiwa Gredi ya 9 tayari anauliza kama haya yatatoka kwenye mtihani.

Wazazi si rahisi kuwashawishi, na sababu zao nazielewa. Mama mmoja aliniambia mlangoni kwake, "Mwalimu, wangu aende kutazama konokono, na mwenzake yuko ndani anasoma?" Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku tuisheni ya likizo, lakini kila mtu mtaani anajua nyumba inayofundishia. Nilimwambia kwamba mimi silipishi, simlazimishi mtoto, na wala sifundishi sura inayofuata ya kitabu. Akaniuliza, sasa anarudi na nini? Nikamwambia atarudi na daftari, na daftari hilo akalisome yeye mwenyewe. Akanijibu kwamba kusoma si kwake, atasomewa. Jioni ya siku ya kwanza alisomewa, na kesho yake alimleta na mdogo wake, mtoto wa Gredi ya 4, ambaye ilibidi tumrudishe kwa sababu maji ya mkondoni yangemfika kifuani.

Kwanza tunapanga siku. Pwani yetu ina bahati moja ambayo watoto wengi hawaijui mpaka waulize nyumbani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndipo bamvua linapokuja, yaani maji yanayopwa sana na kujaa sana, na bamvua la kwetu hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Hii ina maana kwamba siku za bamvua tunaingia asubuhi maji yakitoka, tunakaa kavuni mchana, na tunayaona yakirudi kabla ya jua kuzama. Wasichana wanakuwa nyumbani kabla ya giza, na hapo ndipo ruhusa nyingi hupatikana au hukosekana. Siku za maji mafu saa zimegeuka na tofauti ya kina ni ndogo, kwa hiyo hatuendi. Kazi ya nyumbani ya kwanza ninayowapa ni kumuuliza babu, au mvuvi yeyote, "Leo mwezi ngapi, na maji yatajaa saa ngapi?" Hurudi na majibu kamili. Baadhi yao hurudi wamekasirika kidogo kwamba babu anaweza kuhesabu bahari kichwani na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Halafu majina. Pwani ya Kenya ina aina 9 za mikoko, na mtoto aliyelelewa Dabaso au Mida huenda anaijua yote kwa jina moja tu. Kwa hiyo tunatembea kutoka baharini kwenda nchi kavu tukiiuliza mmoja mmoja. Mlilana umesimama mbele kabisa, miguu ndani ya maji, mizizi yake imechomoza juu minene na butu. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama matao. Kisha muia, kisha mkandaa ambao gome lake lilikuwa likitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi, na huko juu karibu na shamba unaukuta mchu, ambao una mazoea ya kutokea pande zote mbili, baharini na nchi kavu. Mkomafi una tunda la mviringo zito, mtoto akiliona lazima alitikise. Jani la mchu ninawaambia walirambe. Lina chumvi kabisa, unaiona imeganda juu yake, kwa sababu mti huu huiruhusu chumvi ipande kisha huitoa kupitia majani. La mkoko halina, maana mkoko huizuia chumvi kule kule mizizini. Wakisharamba majani mawili hakuna haja ya kuchora ubaoni.

Safari moja tulikuwa na mzee wa hapo Dabaso aliyewahi kufanya biashara ya boriti, enzi za kukata kwa leseni. Watoto walimzoea haraka, wakimwita babu. Yeye haoni mti kama ninavyouona mimi. Anapita akisema, "Huu pau. Huu mazio. Ule pale boriti. Ule nguzo, lakini umepinda." Fito ni zile nyembamba, kipenyo chini ya sentimita 4, pau hufika karibu 8, mazio hufika 11 na nusu hivi, boriti hadi karibu 14, na nguzo juu ya hapo. Anazijua kwa jicho. Watoto wakataka kumjaribu. Tulikuwa na tepu ya fundi cherehani, ile ya njano, na kwa kuwa tepu hupima mzunguko tu, ilibidi wakumbuke kwamba kipenyo hupatikana kwa kugawanya kwa 3.14. Mti wa kwanza mzee alisema mazio. Mzunguko ulikuwa sentimita 31. Wakapiga hesabu juu ya daftari lililolowa pembeni: 9.9. Mazio.

Mti wa pili mzee alisema boriti. Tepu ikasoma 35, na hesabu ikatoa 11.1. Kelele! "Babu, hiyo mazio!" Mzee hakubishana nao. Alikwenda mpaka kwenye mti, akaweka kidole juu kidogo ya mzizi wa mwisho, akasema, "Mmepima juu sana. Mnunuzi hapimi huko, hapimi hewani." Wakateremsha tepu hadi kwenye kidole chake. Sentimita 37. 11.8. Boriti.

Hapo ndipo palipozaliwa swali ambalo nimelifundisha darasani mara nyingi bila mtu kulijali: unapima wapi? Watu wa misitu hupima mti kwenye urefu wa sentimita 130 kutoka ardhini, ili kila mtu apime mahali pamoja. Lakini mkoko una mizizi inayotoka kwenye shina juu ya ardhi, mingine inafika kifuani kwa mtoto, kwa hiyo mkoko mkubwa hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Watoto wakakubaliana kanuni yao, wakaiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na wakarudi kuipima upya miti yote waliyokwisha kuipima. Sikuwaambia warudi. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 ndiye aliyewarudisha, akisema kwamba namba zilizopimwa kwa njia mbili haziwezi kukaa kwenye jedwali moja.

Sasa nifike kwa konokono, kwa sababu hapo ndipo Agosti yangu hukaa zaidi.

Kwenye mashina ya mchu wa nchi kavu, Mida, anaishi konokono mdogo mwenye gamba refu la rangi ya tope, sentimita 2 hadi 3. Kwa wataalamu ni Cerithidea decollata. Wakubwa karibu wote ncha ya gamba imekatika, na watoto hudhani mara ya kwanza kwamba wameumizwa na kitu. Maji yakipwa, hushuka chini kula juu ya tope. Maji yakikaribia, hupanda shina. Jambo hilo watoto hulipokea kirahisi: nani asiyepanda akiona maji? Ndipo ninapowaambia wayatazame maji yako wapi wakati konokono anapoanza kupanda.

Tunafanya hivi. Asubuhi tunafunga uzi wa rangi kwenye mashina kadhaa ya mchu kila baada ya sentimita 20, tangu chini mpaka juu ya kichwa cha mtoto. Makundi matatu, kila kundi na rangi yake ya kucha. Ukishamkausha konokono kwa kitambaa, unamtia nukta moja ndogo juu ya gamba, nukta tu, kisha unamrudisha pale pale ulipomtoa. Rangi ya kucha haitoki kwa maji ya chumvi siku hiyo na haimdhuru. Chini ya kila mti tunachomeka kijiti kilichopakwa chokaa ya ubaoni. Maji yakipanda yanaifuta, na baadaye unasoma yalifika wapi bila kusimama ndani yake. Kisha kila baada ya nusu saa mmoja anapita na kuhesabu: wangapi chini, wangapi kwenye shina, na kwenye uzi wa ngapi.

Kuanzia saa 4 hadi saa 7 mchana ni kazi ya kuchosha. Konokono wako chini, wanatambaa, wanakula, hakuna la kusimulia. Wavulana huanza kurushiana tope. Hapo ndipo mtu mzima anapojaribiwa, maana mkono unakuwasha kuleta mchezo, au kuhubiri, au kuwapeleka kwingine. Siwapeleki. Wanakula mihogo ya kuchemsha na mahamri, wanapiga soga, na kila nusu saa mtu anainuka na kuhesabu. Ule uchovu una kazi yake. Mtoto aliyehesabu sifuri mara tano anaitambua moja inapotokea.

Na hutokea. Mnamo saa 8, kabla maji hayajafika kwenye ukanda ule, yangali mbali kule kwenye mkondo, mtoto wa kundi jekundu anapiga ukelele: watatu wako kwenye shina. Nusu saa baadaye ni wengi. Wote wanaelekea juu. Watoto wanasimama, wanatazama baharini, wanatazama mti, wanatazama baharini tena. Tope limekauka miguuni mwao. Maji yanapokuja kufika, saa 10 hivi, na kupanda mpaka uzi wa pili, konokono wengi wako juu ya uzi wa tatu na wa nne, wametulia.

Anajuaje?

Nimesikia majibu mengi kwa swali hilo na yote nimeyaandika. Anayaona maji kwa mbali. Anasikia mawimbi. Ananusa chumvi kwenye upepo. Ardhi inalowa kutoka chini kabla maji hayajaonekana juu, naye analihisi hilo kwa mguu wake. Anahesabu, kama babu. Mmoja alisema anatazama mwezi, mwenzake akamuuliza mchana huu mwezi uko wapi, akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Upo, hauonekani tu," jambo ambalo ni kweli. Kundi moja lilichota ndoo ya maji ya bahari likayamwaga taratibu kuzunguka shina wakati maji yamepwa, ili kuona kama konokono watadanganyika. Hawakupanda. Ukazuka ubishi mkali: je, ndoo moja inatosha kuitwa maji kujaa? Na kama ananusa, mbona hakupanda, na maji ni yale yale? Na kama anahisi ardhi kulowa kutoka chini, ndoo imelowesha kutoka juu, kwa hiyo jaribio halijasema lolote juu ya hilo. Hilo la mwisho lilisemwa na mtoto ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono.

Wakishabishana mpaka wamechoka ndipo ninapowaambia kwamba hawako peke yao. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Florence, Italia, akiwamo Marco Vannini, wamekuja hapa hapa Mida kumsoma konokono huyu huyu, na wakaandika kwenye majarida ya sayansi kwamba anapanda kabla maji hayajamfikia. Siwaambii mapema. Ukiwaambia mapema wanaandika jibu na kufunga daftari. Wakiambiwa mwisho, hukaa wima. Kijana mmoja aliuliza, "Walitoka Ulaya, wakaja kukaa kwenye tope letu kama sisi?" Ndiyo, nikamwambia, na walitia alama kwenye magamba kama ninyi. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika na tepu mkononi.

Kwa tondo mambo huenda kwa kasi zaidi. Tondo ni yule konokono mkubwa mweusi wa matopeni, gamba refu lililochongoka. Chukua jani la mkoko lililoiva, la njano, uliweke katikati ya tope lenye tondo, ukae pembeni na saa. Muda si mrefu mmoja anageuka. Anafika, anaanza kula, na wengine nao wanageuza safari, mpaka jani halionekani. Kama kaa hawajamtangulia, maana kaa naye analitaka jani hilo alivute shimoni mwake, na utaona mvutano wa wazi kati ya gando na konokono wanne. Watoto wakiuona mchezo huo hawaniulizi tena majani yote yanayoanguka mikokoni huenda wapi.

Vifaa ni vichache. Raba kuukuu au viatu vya plastiki vyenye kamba, kwa sababu chaza hujishika kwenye mizizi na magamba yao hukata nyayo. Penseli, maana wino hutiririka. Daftari la jalada gumu. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Rangi ya kucha tatu, tepu, uzi, chokaa. Wasichana wengi hufunga leso juu ya suruali, na wanatembea vizuri tu. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, na mmoja wa watu wazima awe mtu wa pale anayejua mikondo. Hakuna anayebeba kiumbe nyumbani, hata gamba tupu, kwani gamba tupu lina mpangaji anayelisubiri, yule kaa mdogo anayeishi ndani ya magamba ya wengine. Mikoko ni msitu wa serikali na Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo tunaingia kwa idhini, tukipitia kikundi cha wenyeji kinachotunza lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya daraja hilo haiishii mfukoni mwa mtu. Tangu 2001, shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiendesha mpango unaopeleka fedha za wageni kwenye karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Baadhi ya hawa ninaowapeleka wana kaka au dada aliyesomeshwa kwa daraja hilo, na wanalitembelea kwa heshima nyingine.

Msitu wenyewe uko ng'ambo ya barabara. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani iliyobaki kipande kimoja Afrika Mashariki, na una sange mwenye makalio ya dhahabu anayekimbia majani yakivuma kabla hujamwona. Kuuandika vizuri kunataka makala yake. Nitasema moja tu. Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa zinazosafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Siku tuliyokwenda huko nilikuwa nimejiandaa kueleza hatua za kipepeo. Sikupata nafasi. Msichana mmoja, wa wale wapole, mama yake hufuga, na yeye ndiye anayekata majani kila asubuhi kabla ya shule. Alitueleza kiwavi wa aina gani anakula mti gani na hawezi kuugusa mwingine hata akifa njaa, jinsi ya kujua pupa iliyokufa kwa uzito wake kiganjani, na kwa nini wavu lazima ufungwe kabla siafu hawajapata njia. Wenzake walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikaandika.

Kazi hii haikuanza na mimi, wala na mtaala mpya. Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya wanafunzi vya wanyamapori, iko tangu 1968. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianza mpango wa vijana wa Roots & Shoots Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 wa Tanzania. Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kimepokea wanafunzi wa visiwani kwa miaka mingi na kuwatia majini waone matumbawe yao wenyewe. Ninachokiogopa ni pale elimu hii inapogeuka kuwa sherehe. Basi linafika, kuna mgeni rasmi, fulana zenye maandishi, kila mtoto anapewa mche apande, picha, soda, nyumbani. Niliwahi kushuhudia siku kama hiyo, ambapo miche ya mkoko ilichomekwa kwenye tope tupu upande wa baharini, mbele kabisa, mahali ambapo mkoko haukai kwa hiari yake. Pale ni pa mlilana. Waandaaji walikuwa na nia njema na hawakumuuliza mtu. Agosti iliyofuata watoto wangu walikwenda kuhesabu. Ilikuwa michache ya kuhesabika upesi. Waliandika idadi, wakachora ramani ya ukanda ule kutoka baharini kwenda nchi kavu, kila mti na mahali pake, na chini wakaandika barua ya kuwaomba waandaaji kwamba wakija tena waje kwanza na swali. Barua ilipelekwa. Jibu lilikuja: wangependa watoto wawaoneshe. Walikuja kweli, bila fulana, na mtoto wa miaka 13 aliwatembeza kutoka mlilana hadi mchu akiwaambia wasikanyage mizizi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza na hana Mida karibu, nasema chagua kiumbe kimoja na swali moja, na ukae nalo mpaka liishe. Siafu wanaopita nyuma ya choo cha shule wanatosha. Mbayuwayu wa chini ya paa la ghala wanatosha. Ziwani kuna konokono, milimani kuna vinyonga. Kuna kishawishi kikubwa cha kutaka kuonesha kila kitu, kwa sababu basi limelipiwa na siku ni moja. Ukikubali kishawishi hicho, watoto watatembea nyuma yako kwa mstari wakinakili majina, na majina hayo yatafutika kabla shule haijafunguliwa. Afadhali warudi wanajua konokono mmoja na wako tayari kugombana juu yake. Na kama mahali penu pana mzee anayejua jambo kwa jicho, mlete, mpe kiti, na uwaache watoto wampime kwa tepu.

Mambo yote hayatoki vizuri. Kuna watoto ambao tope huwachukiza mpaka mwisho, na hao huwa waandishi wa jedwali, wakiwa wamekaa kwenye daraja na kupokea namba zinazopigwa kelele kutoka chini. Kazi yao ni ya lazima. Kuna ambao wazazi huwahitaji shambani Agosti na hawawezi kuja zaidi ya siku moja, na namba zao za siku moja tunaziunga na za wenzao. Mvua za kusi hunyesha ghafla. Tunajificha kwenye kibanda cha ndege tukiangalia vitwitwi wa kwanza wakiwasili kutoka kaskazini, na huo nao unakuwa mwanzo wa maswali mengine.

Sasa hivi swali lililo mezani ni la usiku. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na watoto wameona ya alasiri tu. Je, konokono hupanda vivyo hivyo bamvua la saa 10 alfajiri, gizani? Kama hupanda, basi wale wa "anaona" wameshindwa, na wale wa "anahesabu" watatamba. Nimewakatalia mara kadhaa kwa sababu ya usalama. Wamekwenda wakazungumza na wazazi bila mimi. Baba wa mmoja wao, mvuvi wa kaa anayezijua njia za Mida usiku kucha, amekubali kuwapeleka wanne wa Gredi ya 8, akina mama wawili wakisindikiza, tochi za kichwani, na kulala kwenye banda la kikundi. Siku wameshaipanga: mwezi ukiandama, Agosti ijayo, kuhesabu kuanzie saa 7 usiku. Mimi nimeombwa nilete rangi ya kucha ya kundi la nne, ya njano, kwa sababu wamegundua kwamba nyekundu haionekani vizuri kwa tochi.